Tano kwa Sita

Karatasi yenyewe ilikuwa nusu ukurasa tu wa daftari. Sista Peris aliichana akaiandika haraka akiwa amesimama, maana wodi ya akina mama asubuhi haimpi mtu nafasi ya kukaa. Godoro gumu. Mpira wa kutandika chini ya shuka. Mto wa kuweka katikati ya magoti. Erastus Mutuku aliisoma ingali mkononi mwa sista, kichwa amekiinamisha upande, na alipofika mstari wa mwisho akatulia. Mstari huo ulisema: Width, futi tatu.

"Umeelewa hiyo ya mwisho, mzee?" Peris akamuuliza. "Ni kitanda. Kisizidi futi tatu. Na kisiegemee ukuta, mtu apate kupita huku na huku."

"Nimeelewa. Mimi ni fundi wa vitanda."

"Basi uko na bahati. Wengine huanza kutafuta fundi."

Kati ya maneno yote ya Kiingereza yaliyoko duniani, sista alikuwa amemwandikia lile moja ambalo Erastus angelitambua hata ukimwamsha usingizini. Na aliyemfundisha neno hilo alikuwa amelala pale nyuma yao, kitanda cha nne kutoka dirishani, upande wa kulia umekufa ganzi na mdomo umekwenda kombo, akiwatazama.

Huyo ni mkewe, Mwalimu Kamanthe. Kesho yake alikuwa anaruhusiwa kwenda nyumbani. Na nyumbani, kule Kyumbi, kulikuwa na kitanda cha futi tano ambacho Erastus alikitengeneza kwa mikono yake mwaka waliooana. Kukifikisha futi tatu kulitaka msumeno. Ameshakata mbao za watu wengi, lakini hizo akaona hawezi.

Ili ujue kwa nini, acha nikurudishe nyuma kidogo.

Erastus aliacha shule darasa la tano huko Kithyoko, mwaka ambao mahindi yalikauka yakiwa na urefu wa goti. Alipofika umri wa kunyoa ndevu akaja Kyumbi, pale barabara ya Machakos inapochepuka, akajifunza useremala kwa fundi mmoja mnene aliyeitwa Ngui. Ngui alitengeneza vitanda na karibu hakutengeneza kingine. Alivipanga kando ya lami, vumbi la malori likivipaka rangi kabla yeye hajavipaka, na katika banda lake kulikuwa na sheria moja: upana unatajwa kwanza.

"Urefu ni sita," Ngui alikuwa akisema. "Mrefu, mfupi, wote sita. Usipoteze mate kuuliza urefu. Uliza upana. Mtu akikutajia upana amekusimulia mambo yake yote."

Na kweli. Kijana aliyepanga chumba alitaka tatu kwa sita. Aliyepata mchumba alitaka nne. Aliyepata mchumba na kazi alitaka tano. Wa sita kwa sita alikuja na pikapu, akataka kitanda kipakiwe mchana majirani wakiona. Kisha kulikuwa na wale waliokuja bila kelele, mara nyingi wazee, wakauliza kama fundi anaweza kuchukua cha tano awape cha tatu. Hao Ngui hakuwatania. Aliwaletea kiti.

Basi mwaka wa themanini na nane shule ya msingi ya karibu ikahitaji kabati la ofisi ya walimu. Lilitakiwa kukaa chini ya dirisha. Karatasi ya vipimo ililetwa na mwalimu msichana, mwembamba, mwenye chaki kwenye nywele. Aliandika kwa Kiingereza, kwa mwandiko wa kupendeza: height nne, width tano. Ngui alikuwa amesafiri. Erastus akaitazama karatasi. Namba alizijua vizuri sana; yale maneno ya Kiingereza yalimpita kama malori. Lakini alikuwa na sheria ya Ngui. Ya kwanza ni upana. Akatengeneza kabati la futi nne kwa upana na futi tano kwenda juu, akalipiga msasa mpaka likateleza kama sabuni, akalipeleka kwa mkokoteni.

Walipolisimamisha mahali pake, ofisi ikaingia giza.

Walimu waliokuwa wanakunywa chai wakapasua kicheko. Yule msichana akalizunguka kabati, akainuka kwa ncha za vidole, akachungulia mwanga mdogo uliobaki kwa juu.

"Fundi," akasema, "umetuletea usiku saa nne asubuhi."

"Mwalimu, wewe uliandika nne kwanza."

"Nne ni kwenda juu. Si nimeandika hapo?"

Erastus akatazama viatu vyake. Mwalimu naye akatazama viatu vya Erastus, na sijui aliona nini huko, lakini aliacha kucheka. Akawaambia wenzake kengele imeshalia, jambo ambalo halikuwa kweli. Ofisi ilipobaki tupu akachukua chaki, akaandika ubavuni mwa kabati, herufi kubwa, polepole.

"Hii ni height, kwenda juu. Na hii ni width."

"Upana?"

"Ee, upana. Wewe si ni mtu wa vitanda? Basi chukua kitanda. Length ni pale unaponyooka. Width ni pale unapogeukia."

Hakuna mtu aliyewahi kumfundisha Erastus kitu kwa njia hiyo, kwa kuanzia na kile anachokijua. Alirudisha kabati bandani, akalifumua, akalitengeneza upya. Kisha akarudi shuleni mara tatu kukagua bawaba ambazo hazikuwa na tatizo lolote. Mara ya tatu Kamanthe akamwambia, "Fundi, hizo bawaba zitakwisha kwa kukaguliwa," na hapo ndipo alipopata ujasiri wa kusema kilichokuwa kinamleta.

Toka siku zile, kila kitanda kilichotoka mikononi mwake kilikuwa na herufi moja ya penseli chini ya chaga, mahali asipopaona mwenye kitanda: W, na namba mbele yake. Wateja hawakujua. Kuna vitanda kutoka Kyumbi hadi Kithyoko ambavyo mpaka leo vimebeba mwandiko wa somo lile.

Cha kwao wenyewe alikitengeneza kwa mti wa mukau aliopewa na baba yake, mti ambao mchwa huupita kando. Mlango wa nyumba ulikuwa mwembamba, kwa hiyo mbao ziliingia moja moja na kitanda kikaungwa mle mle chumbani, kwa gundi na vigingi vya mti, bila msumari hata mmoja. Upande mmoja kiliegemea ukuta. Kamanthe alisimama mlangoni akimtazama akigonga kigingi cha mwisho.

"Na tukihama, hiki kitatoka vipi?"

"Hatuhami."

"Na tukigombana?"

"Ndiyo sababu nimeweka tano."

"Kumbe hujui kupima," akasema Kamanthe. "Watu wakigombana ndio wanahitaji tatu, walazimike kugusana."

Alichagua upande wa ukutani na akakaa upande huo miaka thelathini na mitatu. Binti yao Ndanu alizaliwa, akalala katikati, akakua, akaenda kuolewa upande wa Kinanie. Kamanthe alifundisha nusu ya watu wa Kyumbi kusoma, wakiwemo watoto wa waliokuwa wanafunzi wake. Desemba iliyopita alistaafu, akapewa saa ya ukutani na kondoo. Machi alianguka uani akiwa ameshika beseni la nguo.

Sasa umejua kitanda ni kipi.

Ndanu alikuja siku ile mama yake aliporuhusiwa. Alisoma karatasi ya sista, akaitazama ile mbao nyeusi ya mukau iliyong'aa kwa migongo ya miaka, akamgeukia baba yake.

"Baba, kata tu."

"Kitanda cha mama yako?"

"Si sista ameandika? Chumba ni kidogo, hiki hakitoki mlangoni, na cha pili hakiingii hiki kikiwa hapa. Kata. Ama tumlaze sebuleni."

"Sebuleni watu wamtazame kama maiti?"

"Basi kata."

Erastus akakaa ukingoni mwa kitanda, mikono katikati ya magoti. "Ndanu. Wanaokuja kwangu kutoka tano kwenda tatu nimewaona maisha yangu yote. Najua wanakuja wakiwa wamekwisha kukubali nini. Nikikata hiki nimesema mama yako hatainuka. Na mimi sijasema."

Kamanthe aliletwa kwa gari la jirani, wakambeba kwa shuka. Kiharusi kilikuwa kimemnyang'anya maneno yote, kikamwachia moja, la Kikamba: ii, yaani ndiyo. Erastus aliinama karibu na uso wake.

"Mwalimu, nikuweke mahali pako? Pale pako pa ukutani?"

"Ii," akasema Kamanthe.

"Umesikia?" Erastus akamwambia bintiye.

"Baba, anasema ii kwa kila kitu. Jana nimemuuliza kama yeye ni rubani, akasema ii."

Lakini Erastus alikuwa ameshasikia alichotaka kusikia. Akamlaza ukutani.

Sasa usimdhanie alikuwa mzembe. Ndanu aliporudi kwake, Erastus alifunga banda lake na kumhudumia mkewe peke yake kwa bidii ambayo ungeionea huruma. Aliitundika ile saa ya kustaafu mbele ya kitanda, na kila baada ya saa mbili, kama alivyoagizwa, alipanda kwa goti moja juu ya godoro, akanyoosha mikono, akamgeuza. Alimpikia uji, akaupoza kwa kuumimina kutoka kikombe hiki kwenda kile. Alimwosha kwa kitambaa, akipapasa upande ule wa ukutani asioweza kuuona. Mchana alijilaza kando yake akamsimulia habari za barabarani, nani amenunua nini, lori gani limekwama mteremkoni. "Ii," Kamanthe alisema. "Ii." Siku nyingine aliisema kwa nguvu, akiuma meno, na Erastus akafurahi akidhani nguvu zinarudi.

Wiki ya nne Sista Peris, aliyekuwa akiishi si mbali na pale, akapita kumwona Kamanthe alipotoka kazini. Alisimama mlangoni mwa chumba, akakitazama kitanda. Akavua viatu, akapanda juu ya godoro kwa magoti mpaka ukutani, akamshika Kamanthe begani na kumgeuza, akamgeuza kabisa, kama ambavyo Erastus hakuwa amewahi.

Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mzee, kuja uone."

Kilikuwa kwenye nyonga, upande wa ukuta. Kidonda cha kulala. Juu kilionekana kama mdomo wa kikombe cha kahawa, lakini kilikuwa kimekwenda ndani.

"Mimi nilikuwa namgeuza," Erastus akasema. "Kila saa mbili. Sijakosa hata mara moja, sista, Mungu anajua."

"Najua. Hebu simama pale unaposimamaga. Nyoosha mkono."

Akasimama. Akaweka goti juu ya godoro, akanyoosha mkono juu ya mkewe mpaka bega likauma. Vidole viliishia kwenye uti wa mgongo.

"Hapo ndipo unafika," Peris akasema. "Ulikuwa unamwinua, halafu anarudi pale pale. Huko kwingine hakuna mtu amefika." Hakusema kwa ukali. Angesema kwa ukali ingekuwa afadhali.

Erastus alibaki na mkono umenyooka. Alikuwa ameshika tepu tangu akiwa kijana. Alipima milango ya watu, mabega ya watu, ndoa za watu. Mkono wake mwenyewe hakuwa amewahi kuupima. Na zile ii za kuuma meno zikamrudia zote, moja baada ya nyingine.

Asubuhi yake alileta msumeno.

Alimketisha Kamanthe kwenye kiti cha plastiki pale mlangoni, mito huku na huku, shuka kiunoni. Akatoa godoro. Akang'oa chaga. Akapima futi tatu kwenye ubao wa kichwani, akatoa penseli sikioni, akaiweka kwenye mbao. Haikuandika. Si kwamba penseli ilikuwa mbovu. Mkono ndio ulikataa, ukakaa pale pale.

"Mwalimu," akasema bila kugeuka, "nimeshindwa na W."

Nyuma yake hakusikia ii. Alisikia kiti kikilia. Alipogeuka, Kamanthe alikuwa amenyoosha mkono wa kushoto, ule uliobaki mzima, kiganja wazi, kama mwalimu anayemngoja mtoto alete daftari.

Akampa penseli. Akasukuma kiti mpaka kichwani mwa kitanda, akapiga magoti, akamshikilia kiwiko. Kamanthe hakuwa mtu wa mkono wa kushoto. Mstari wa kwanza ulishuka ukapotea. Wa pili ukapanda. Walipumzika. Nje mtu alipita akiuliza kwa sauti, "Fundi, leo huuzi?" Wa tatu, wa nne. Ilikuwa W iliyolala ubavu, mguu mmoja mrefu kuliko mwingine, kama ya mtoto wa darasa la kwanza wiki ya kwanza. Kisha akaisogeza penseli mbele kidogo na kuandika tatu.

Akaiachia ikaanguka. Alikuwa ametoka jasho mpaka kwenye nyusi.

"Ulikuwa unataka hivi tangu mwanzo," Erastus akasema.

Kamanthe alimtazama tu. Neno lake moja alikuwa nalo, na hakulitumia.

Mukau ule ulipokatwa ulitoa harufu kama ya siku ulipoangushwa. Ndani ulikuwa mwekundu bado. Erastus alikata bila kusimama, maana alijua akisimama hataanza tena, na kabla ya jua kufika kichwani kitanda kilikuwa futi tatu, katikati ya chumba, njia huku na njia huku. Akamgeuza mkewe kutoka upande huu. Akazunguka, akamgeuza kutoka upande ule. Mara ya kwanza katika wiki nne alimwona mgongo wote.

Vipande vilivyobaki vilikuwa vya futi mbili. Havikufaa kitanda cha mtu yeyote. Akaviunga kwa mbao mbili za bandani, vikawa benchi ndefu, kimo kile kile cha kitanda, akawa anaisogeza kando ya Kamanthe wakati wa kulala na kuiondoa wakati wa kumgeuza. Tatu na mbili. Ukipita pale wakati zimeungana, shuka imetandikwa juu, ungeapa ni kitanda kizima. Mkono wa kushoto wa Kamanthe ulikuja juu ya benchi, ukampata alipolala.

Kidonda hakikufunga. Juni kilipungua, wakashukuru. Julai kikarudi na homa, wakampeleka tena wodini. Agosti, siku ya Alhamisi, saa tisa alasiri, Kamanthe akafariki. Sista Peris alimweleza Erastus kwamba si kidonda peke yake, kwamba kulikuwa na mapafu, na kwamba huenda kiharusi cha pili kilikuwa kimekwisha kupita. Erastus alisikiliza mpaka mwisho. Akamshukuru. Lakini hakumwamini, na hamwamini hadi leo.

Mazishi yalijaa. Watu wazima wenye mvi walisimama na kusema, "Huyu ndiye alinishika mkono nikaandika jina langu." Walipoondoka, turubai likakunjwa, sufuria zikarudishwa kwa wenyewe.

Wiki mbili baadaye, Jumapili baada ya kanisa, Ndanu alikuja kumtazama baba yake. Alimkuta amejipumzisha chumbani. Kitanda cha futi tatu kilikuwa kimetandikwa vizuri, mto umepigwapigwa, hakuna aliyekilalia. Erastus alikuwa kwenye benchi kando yake. Amelala chali, mikono kifuani, amejibana kama mtu aliyewekwa kwenye rafu.

"Baba, umekula?"

"Nimekula."

"Sasa mbona unalala hapo? Kitanda si kiko hapo kitupu? Hiyo benchi ni ya futi mbili. Hata kugeuka huwezi."

Erastus alitazama dari. Saa ya ukutani ilikuwa inakaribia kutimiza saa mbili tangu alipojilaza, na mwili wake, kwa mazoea, ukaanza kutaka kuinuka. Akautuliza.

"Nigeuke," akasema, "nielekee nani?"

Ndanu akavua viatu, akapita njia ya upande wa pili, akajilaza polepole kwenye kitanda cha mama yake, juu ya shuka, bila kukivuruga. Hawakutazamana. Kisha Ndanu akanyoosha mkono wa kushoto, akauweka juu ya benchi.